Mgonjwa wa upasuaji asije akaharishia wodini: mwongozo kamili wa kuijua hatari mapema na kuipunguza

Swali linarudi kila mara, tena kwa maneno karibu yale yale: kwa nini mgonjwa wa upasuaji anaharishia wodini, na tungezuiaje? Mgonjwa kafanyiwa upasuaji vizuri, mshono unakauka, daktari karidhika, halafu siku ya nne au ya sita anaanza kuharisha maji maji, homa inapanda, tumbo linamsokota, na ndugu wanaanza kuulizana amekula nini. Mara nyingi hajala chochote kibaya. Huenda kaambukizwa bakteria wa utumbo pale pale hospitali, na anayesumbua zaidi kwenye wodi za upasuaji anaitwa Clostridioides difficile, wengi wanamwita C. diff tu.

Wanaouguza wanakwama sehemu moja: wanapambana na uchafu peke yake. Wanafuta meza, wanapaka sanitaiza, wanabadilisha shuka, ila hakuna aliyeangalia dawa. Kumbe dawa ndo zinamfungulia mlango huyu mdudu, uchafu unamleta tu mpaka mlangoni. Kwa hiyo hapa kazi inaanza kabla ya siku ya upasuaji, na inaanza na karatasi na kalamu.

Mwongozo ni wa anayemuuguza mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe kama ana nguvu. Haumuondoi daktari. Unakusaidia umpe daktari taarifa anazozihitaji na umuulize maswali kwa wakati wake.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu, likae na mgonjwa na lisiondoke na mtu.
- Dawa zote alizotumia miezi 3 iliyopita, au maboksi yake, au karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali.
- Majibu ya vipimo vya karibuni, hasa vya figo na damu.
- Sabuni, ya maji au ya mche haijalishi, na taulo za karatasi au kitambaa safi cha mgonjwa peke yake.
- Glavu za kutupa.
- Blichi ya klorini, hiyo ni ya nyumbani akisharuhusiwa. Wodini usafi wa dawa waachie wenyewe wa wodi.
- Saa, ya simu inatosha.

Sanitaiza sijaiweka kwenye orodha makusudi, utaona sababu hatua ya 5.

## Kwanza elewa huyu mdudu anavyoingia

Utumbo mkubwa umejaa bakteria wazuri ambao kazi yao mojawapo ni kutowaachia nafasi wale wabaya. Antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ikipita inaua na hao wazuri. Hapo utumbo unabaki kama shamba lililofyekwa, gugu la kwanza kufika ndo linatawala. C. diff akimezwa wakati huo anaota, anazaliana, anatoa sumu inayochoma ukuta wa utumbo, na ndo unaona kuharisha.

Nje ya mwili anajifunga kwenye ganda gumu, linaitwa spora. Spora inakaa miezi kwenye reli ya kitanda, kitasa cha mlango wa choo, kipimajoto, swichi ya taa. Pombe haiiui. Inatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa mmoja, inapanda mkono wa mtu, inafika mdomoni kwa mgonjwa mwingine.

Ili augue basi inabidi viwili vikutane, utumbo uliopoteza walinzi wake na spora iliyomezwa. Hatua 1 mpaka 4 zinalinda utumbo, ya 5 inazuia spora, zilizobaki ni za kuwahi.

## Hatua ya 1: Andika dawa zote za miezi 3

Hapa ndo watu wengi wanaporuka, kwa hiyo usiharakishe.

Kaa na mgonjwa, muulize mwezi kwa mwezi. Usimuulize "umetumia antibayotiki?" manake atasema hapana, watu wengi hawajui kwamba kile kidonge cha rangi mbili alichopewa cha jino ni antibayotiki. Muulize hivi: uliwahi kuumwa kifua? jino? mkojo ulikuchoma? kulikuwa na kidonda? ulichomwa sindano siku kadhaa mfululizo? Kila akisema ndiyo, muulize alipewa nini na alimeza siku ngapi.

Kwa nini miezi 3? Mtu akiwa kwenye antibayotiki na mwezi mmoja baada ya kuimaliza, uwezekano wa kuugua C. diff unapanda mara 7 hadi 10. Baada ya hapo unashuka taratibu lakini unabaki juu ya kawaida mpaka kama mwezi wa tatu. Utumbo unachelewa kurudi ulivyokuwa.

Zipigie mstari hizi ukizikuta:

- Klindamaisini.
- Siprofloksasini, levofloksasini na ndugu zake.
- Seftriaksoni na nyingine za jamii ya sefalosporini, hasa zile za sindano.
- Meropenemu na wenzake.
- Amoksisilini, hasa ile iliyochanganywa na klavulaniki asidi.

Karibu antibayotiki yoyote inaweza kuleta hii shida ila hizo zinaongoza. Na zikiwa mbili au tatu kwa pamoja, au kwa siku nyingi, hatari inaongezeka.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andika pia dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli, dawa za steroidi, dawa za saratani na zozote zinazoshusha kinga. Na andika kwa herufi kubwa kama aliwahi kuugua C. diff huko nyuma, maana aliyewahi kuugua yuko kwenye hatari ya kurudiwa.

Onyo: usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Steroidi ikikatwa ghafla, tena kuelekea upasuaji, inaweza kumuangusha mtu. Wewe unaandika tu, kupunguza ni kazi ya daktari.

Ukimaliza uwe na ukurasa mmoja ambao daktari anausoma kwa dakika moja akaelewa: jina la dawa, kwa ajili ya nini, siku ngapi, iliisha lini. Kama jina hulijui andika "sindano ya mshipa, siku 5, kwa ajili ya kifua", hata hiyo inasaidia.

## Hatua ya 2: Angalia hatari nyingine alizonazo

Fungua ukurasa wa pili, weka alama kila linalomhusu:

- Ana miaka 65 au zaidi.
- Figo zina shida, au yuko kwenye kusafishwa damu.
- Ana ugonjwa wa muda mrefu wa uvimbe kwenye utumbo.
- Kinga iko chini, ana saratani anayotibiwa, kapandikizwa kiungo.
- Amedhoofu, albumini (protini ya damu) iko chini.
- Alilazwa hospitali au kituo cha kuuguza wazee miezi ya karibuni.
- Upasuaji ni wa dharura.
- Upasuaji wenyewe ni wa utumbo au tumbo, au ni wa kukata mguu.
- Atalishwa kwa mpira.
- Atakaa wodini muda mrefu.

Umri naomba uupe uzito wake. Kwa wazee wa zaidi ya miaka 65 waliopata C. diff inayohusiana na huduma za afya, takwimu za Marekani zinaonesha mmoja kati ya 11 anafariki ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mzee akianza kuharisha baada ya upasuaji usikubali kuambiwa na jirani wa kitanda kwamba "ni kawaida, ni dawa tu zinamtoka".

Upasuaji wa kukata mguu unawashangaza wengi kwamba unahusiana vipi na utumbo. Wengi wanaofika hatua ya kukatwa mguu wanakuwa na kidonda cha muda mrefu, wameshameza na kuchomwa antibayotiki wiki nyingi, wamelazwa mara kadhaa, umri umeenda na figo zimechoka. Yaani orodha yote imekutana kwa mtu mmoja.

Hakuna maksi za kujumlisha hapa. Akiwa na alama mbili tatu na juu yake antibayotiki za karibuni, mchukulie kuwa yuko kwenye hatari kubwa na hatua zinazofuata usikose hata moja. Hata asiye na alama yoyote akipewa antibayotiki anaweza kuugua, ila hapo uwezekano ni mdogo.

## Hatua ya 3: Malizana na habari ya "aleji ya penisilini"

Hii watu hawaihusishi kabisa na kuharisha.

Mgonjwa akiandikiwa kwenye faili kwamba ana aleji ya penisilini, daktari wa usingizi na wa upasuaji mara nyingi wanakwepa antibayotiki ya kawaida ya kuzuia mshono usioze na kuchukua nyingine, kwa mfano klindamaisini, ambayo umeiona kule juu inaongoza. Shida ni kwamba wengi wanaosema wana hiyo aleji hawana. Mmoja aliumwa tumbo akiwa mtoto baada ya dawa, mwingine mama yake alimwambia tu, wakipimwa vizuri zaidi ya 9 kati ya 10 wanakutwa wanaweza kuitumia.

Kwa hiyo muulize na uandike: ilitokea nini hasa? Vipele? Kuvimba midomo au uso? Kushindwa kupumua? Kuharisha tu? Ilikuwa mwaka gani? Baada ya hapo alishawahi kumeza amoksisilini bila shida?

Mpelekee daktari maelezo hayo wiki kadhaa kabla ya upasuaji kama muda upo, umuulize: "Daktari, tunaweza kuhakikisha hii aleji kabla ya siku ya upasuaji?"

Onyo: usijaribu nyumbani umpe kidonge uone. Aliyevimba uso au kukosa pumzi akirudia dawa ile anaweza kufa, kipimo hicho kinafanyika mbele ya wataalamu tu.

## Hatua ya 4: Uliza antibayotiki inaisha lini

Kuna antibayotiki ya kinga ya upasuaji, ile ya kuzuia mshono usioze, na kuna ya matibabu, pale ambapo tayari kuna maambukizi kama kidole tumbo kilichopasuka. Hizi mbili zisichanganywe kwenye maongezi.

Ya kinga inatakiwa iwe kwenye damu kabla kisu hakijagusa ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kuchana, na dawa nyingi zinazotumika zinatolewa ndani ya saa moja. Upasuaji ukiwa mrefu sana au damu nyingi ikipotea, dozi inarudiwa mle mle ndani. Mshono ukishafungwa kazi yake imeisha. Shirika hilo hilo linashauri isiendelezwe baada ya upasuaji.

Lakini wodini unakuta mtu anachomwa siku 5, siku 7, "kwa usalama". Kuendeleza hivyo hakupunguzi maambukizi ya mshono, ila kunaongeza C. diff na kunaumiza figo. Naona hii ndo sehemu ambayo swali moja la ndugu linaweza kubadilisha mambo, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyeamua dawa iendelee, imeendelea tu kwa kuwa hakuna aliyeandika isimame.

Swali liulizwe siku ya kwanza baada ya upasuaji, kwenye raundi, kwa heshima, hivi: "Daktari, samahani, naomba kuelewa. Hii antibayotiki ni ya kinga au kuna maambukizi anayotibiwa? Na imepangwa kuisha siku gani?"

Akisema ni ya matibabu, uliza ni ya nini, siku ngapi, na kama kuna kipimo cha kuotesha vijidudu kilichotumwa ili majibu yakija dawa ibadilishwe iwe inayolenga mdudu mmoja badala ya kuua kila kitu. Kisha andika kwenye daftari tarehe ya kuisha. Tarehe ikifika na dawa bado inakuja, mkumbushe nesi: "Sista, tuliambiwa hii inaisha leo, naomba utuangalizie kwenye chati."

Onyo, na hili nalisema kwa mkazo: mgonjwa asikatae antibayotiki ya kinga kwa kuogopa C. diff, na anayetibiwa maambukizi asikatishe dozi. Mshono ukioza au uchafu ukisambaa tumboni atahitaji antibayotiki nyingi zaidi ya zile alizozikwepa.

Ukiwa hapo hapo ulizia na omeprazoli. Wagonjwa wengi wanawekewa dawa za asidi wakilazwa na wanaondoka nazo mpaka nyumbani bila sababu. Matumizi ya dawa hizi yanaonekana kwenda pamoja na C. diff kuongezeka. Kama ana kidonda cha tumbo au kuna sababu nyingine ya msingi aendelee nayo, kama hakuna aliyeweza kukwambia ni ya nini basi omba daktari aiangalie upya.

Mambo yakiwa sawa, kila antibayotiki kwenye daftari lako ina sababu mbele yake na tarehe ya mwisho. Ikikosa kimojawapo, rudi kuuliza.

## Hatua ya 5: Mikono, choo na vitu vinavyoguswa

Sanitaiza ya pombe inaua bakteria na virusi wengi na ina nafasi yake wodini, endelea nayo kwa shughuli za kawaida. Ila spora haiigusi. Kinachofanya kazi kwa spora ni kuiondoa, yaani maji yanayotiririka, sabuni, na kusugua. Sabuni haiiui, inaing'oa mkononi ikaenda na maji, ndo maana kusugua kuna maana kuliko aina ya sabuni.

Namna ya kuosha:

1. Lowesha mikono, paka sabuni ya kutosha.
2. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba, na ncha za kucha kwenye kiganja.
3. Suuza chini ya maji yanayotiririka, sio kwenye beseni.
4. Kausha kwa kitambaa cha karatasi na tumia hicho hicho kufungia bomba.

Yote ichukue sekunde 40 mpaka 60. Watu wengi wanaishia sekunde 10 na gumba hawaligusi.

Wakati wa kuosha: ukifika, kabla ya kumlisha au kumpa dawa, baada ya kumsaidia choo au kumbadilisha nepi, baada ya kugusa chombo cha kujisaidia, na ukiondoka. Hata kama ulivaa glavu, ukizivua osha. Na mgonjwa mwenyewe je? Huyu anasahaulika kabisa, wakati spora inaingilia kwenye mdomo wake yeye. Kila kabla ya kula na kila baada ya choo muoshe mikono kwa sabuni, kama hawezi kuinuka mletee beseni na jagi umwagie maji, kitambaa kilicholowa kidogo hakitoshi.

Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine halafu ukarudi kwa wako. Usiazime chombo cha kujisaidia cha kitanda cha jirani. Kipimajoto kinachoingia sehemu ya haja kubwa kisitumike kwa watu wengi, kama kipo ulizia cha kwapani. Simu yako nayo, unayoishika ukitoka kumbadilisha nepi, ifute.

Wodi ikiwa na mgonjwa anayeharisha na mnatumia choo kimoja, mwambie nesi mapema, uulize kama mgonjwa wako anaweza kutengewa choo kingine.

## Hatua ya 6: Weka chati ya choo kuanzia siku ya kwanza

Kwenye daftari chora safu nne: saa, choo kilikuwaje, tumbo likoje, dawa gani mpya imeanza.

Choo kielezee kwa umbo. Kigumu, laini chenye umbo, uji uji, au maji. Kinachotafutwa ni choo kisicho na umbo mara 3 au zaidi ndani ya masaa 24, ambacho hakina sababu nyingine. Kikifika hapo mwambie nesi siku hiyo hiyo, usisubiri raundi ya kesho.

"Sababu nyingine" ndo inavuruga watu. Baada ya upasuaji mgonjwa anapewa dawa za kulainisha choo kwa sababu dawa za maumivu zinafunga tumbo, na hizo zenyewe zinaharisha. Chakula cha mpira kinaweza kuharisha. Dawa za maji zenye sobitoli (aina ya kitu cha kutia utamu) nazo. Aliyekatwa kipande cha utumbo choo kinaweza kuwa chepesi kwa muda. Na antibayotiki yenyewe inaweza kuharisha bila C. diff kuwepo, tena hiyo ndo hali ya wengi: kati ya wanaoharisha kwa antibayotiki, C. diff inakuwa chanzo kwa kama asilimia 15 hadi 25. Safu ya nne kwenye chati inasaidia hapo, daktari anaona dawa ya kulainisha ilianza jana saa ngapi na kuharisha kulianza saa ngapi.

Sasa onyo ambalo ni la wagonjwa wa upasuaji hasa. C. diff inaweza kuwepo bila kuharisha. Baada ya upasuaji utumbo unaweza kulala, hausukumi kitu, kwa hiyo maji na sumu vinabaki ndani. Unachoona ni tumbo linavimba na kukaza, hapitishi hewa wala choo, homa, moyo unakimbia, seli nyeupe za damu zimepanda na hakuna aliyepata sababu. Ndugu wanafurahi kwamba kuharisha kumekoma, kumbe ndo hali inakuwa mbaya. Kuharisha kukikata ghafla na tumbo likaanza kuvimba, ita mtu sasa hivi.

Na mwenye mfuko wa kinyesi tumboni hesabu ni tofauti, angalia kiasi. Mfuko uliokuwa unamwagwa mara nne kwa siku sasa unajaa kila baada ya saa moja na ni maji matupu, hiyo ni taarifa ya kupeleka.

## Hatua ya 7: Akianza kuharisha, fanya kwa mpangilio huu

Usimpe dawa ya kufunga choo. Loperamidi na nyingine za namna hiyo zinazuia utumbo kusukuma, sumu inabaki ndani. Duka la dawa liko karibu na huruma inakusukuma, najua, ila subiri mpaka C. diff iwe imeondolewa kwenye hesabu na daktari aseme.

Omba kipimo cha choo. Sampuli iwe ya choo cha maji, kile kinachochukua umbo la kikopo. Choo chenye umbo hakipimwi, kwa sababu mtu anaweza kumbeba C. diff bila kuugua, na majibu yatasema yupo wakati hamsumbui. Kama amepewa dawa ya kulainisha ndani ya masaa 48 waambie kabla ya kupima. Sampuli ipelekwe maabara mara moja au iwekwe kwenye friji ya sampuli, sumu inaharibika ikikaa kwenye joto la kawaida halafu majibu yanadanganya.

Atengwe bila kusubiri majibu. Chumba chake na choo chake, na kama hakuna chumba basi angalau choo au kiti cha choo cha peke yake. Anayemhudumia avae glavu na gauni. Hali hii inaendelea mpaka angalau masaa 48 baada ya kuharisha kukoma.

Uliza kuhusu antibayotiki anayoendelea nayo. "Daktari, ile ya mwanzo inaweza kusimamishwa?" Ikiwezekana kusimama, hilo peke yake ni sehemu ya matibabu.

Maji. Anapoteza maji na chumvi. Kama anaruhusiwa kunywa mpe kidogo kidogo mara kwa mara, kama haruhusiwi dripu itafanya kazi. Andika na mkojo, ukipungua au ukiwa mweusi sema.

Damu itapimwa kuangalia ukali. Seli nyeupe zikifika 15,000 au kreatinini (kipimo cha figo) ikizidi miligramu 1.5 kwa desilita, inahesabiwa kuwa kali. Presha ikianguka au tumbo likivimba na kusimama ni dharura, na daktari wa upasuaji lazima aitwe maana wachache wanahitaji kuondolewa utumbo mkubwa ili wapone.

## Hatua ya 8: Fuatilia matibabu yanavyotolewa

Dawa zinazotegemewa ni fidaksomaisini miligramu 200 mara 2 kwa siku, au vankomaisini ya kumeza miligramu 125 mara 4 kwa siku, zote siku 10. Metronidazoli inabaki kwa ugonjwa usio mkali pale hizo mbili zinapokosekana.

Jambo la kuangalia kwa macho yako: vankomaisini ya C. diff inamezwa. Ikichomwa kwenye mshipa haifiki ndani ya utumbo mkubwa kwa kiasi cha kutibu. Ukiona inawekwa kwenye dripu peke yake kwa ajili ya kuharisha huku, uliza kwa upole kama ndo ilivyoandikwa. Kwa walio mahututi dozi na njia zinabadilika, hapo kuna metronidazoli ya mshipani inayoongezwa juu ya vankomaisini ya kumeza, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujapata hofu.

Nafuu inaanza kuonekana ndani ya siku chache: homa inashuka, safari za choo zinapungua, hamu ya kula inarudi. Siku ya tatu hakuna badiliko lolote? Mwambie daktari, mpe na chati.

Kipimo cha choo hakirudiwi ili kuhakikisha amepona. Kinaweza kuendelea kusoma yupo wiki kadhaa wakati mtu mzima wa afya. Kupona kunaangaliwa kwa choo kurudi na umbo.

## Hatua ya 9: Nyumbani

Sugua choo na vitasa kwanza kwa sabuni, uchafu ukiwepo klorini inapoteza nguvu. Kisha changanya blichi sehemu 1 kwa maji sehemu 9, paka, acha dakika 10, suuza. Changanya siku ya kutumia, vaa glavu, fungua madirisha. Usichanganye na dawa nyingine ya choo, hasa yenye asidi au amonia, inatoa hewa ya sumu inayoharibu mapafu.

Kama kuna vyoo viwili kimoja kiwe chake mpaka apite masaa 48 bila kuharisha. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni. Kukumbatiana na kukaa pamoja hakuna shida kwa watu wenye afya, kazi ni mikono na choo.

Amalize dozi yote hata kama alipata nafuu siku ya nne. Na kwa miezi 3 inayofuata, kila anayetaka kumwandikia antibayotiki, hata daktari wa meno, aambiwe kwanza: aliugua C. diff mwezi gani na alitibiwa kwa dawa gani.

Karibu mmoja kati ya 6 anarudiwa, mara nyingi ndani ya wiki 2 mpaka 8. Choo cha maji mara 3 ndani ya siku moja kwenye kipindi hicho ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, bila kununua dawa njiani. Na mkifika mapokezi semeni mapema kwamba alitibiwa C. diff na anaharisha tena, ili apelekwe sehemu yake badala ya kukaa benchi moja na wagonjwa wengine wanaosubiri.